KAMERA IKIZAMA MTONI, NANI ATALIPA?

Ndugu msomaji, masika iliyopita vijana sita wa hapa Ifakara walikwenda Kivukoni kupiga picha za sinema. Hawakuwa wageni. Ni watoto wetu: mmoja fundi simu, mmoja mshona nguo, wawili walimaliza kidato cha nne wakakosa kazi, na wengine wawili ni wakulima wa mpunga kama wazee wao. Hadithi yao ilikuwa juu ya mama mjamzito anayevushwa usiku kwa mtumbwi ili awahi hospitali ya Ifakara, enzi zile ambapo daraja lilikuwa bado halijajengwa. Hadithi hiyo sote twaijua. Daraja la Mto Kilombero, lenye urefu wa mita 384, lilifunguliwa mwezi Mei 2018. Kabla ya daraja hilo kila mtu wa Ulanga na Malinyi alikuwa mateka wa kivuko, na mwezi Januari 2016 kivuko chenyewe kilizama. Vijana wale walitaka jambo hilo lisisahauliwe, na nia yao ilikuwa njema.

Mtumbwi uliyumba. Aliyeshika kamera aliteleza, akaokolewa na wavuvi, lakini kamera ilikwenda chini ya maji. Siku mbili baadaye, wakijaribu kumaliza kazi kwa kamera ndogo ya kuazima, bodaboda iliyobeba taa, betri na mwigizaji mkuu kwa safari moja ilianguka kwenye tope. Taa zikavunjika, na kijana akavunjika mguu.

Kamera haikuwa mali yao. Waliikodi kutoka kwa mtu wa Dar es Salaam, na karatasi waliyotia sahihi ilisema ikipotea watailipa yote. Fedha za kuikodi zilitoka katika mkopo wa kikundi. Kwa hiyo katika juma moja vijana sita walipata madeni mawili na mgonjwa mmoja, na sinema haikupatikana. Leo hii mmoja wao anakata miwa Kidatu. Mwingine ameondoka mjini na hata mdhamini wake hajui aliko. Tulipokwenda kumwona yule mwenye mguu, mama yake alitukaribisha vizuri, akatupa viti, kisha akasema: “Wanangu, mpunga nimeuza, mguu haujapona, na deni bado lipo. Mlipowaambia waende, mlikuwa mmewaambia na haya?”

Hatukuwa na jibu, maana kweli sisi ndio tuliowahimiza. Sisi tunaotembelea matawi tulisimama mbele yao tukasema vijana wajiajiri, wajiunge katika vikundi, waoneshe bonde letu kwa Taifa zima. Tuliwaandikia barua ya kuwatambulisha kwa watendaji wa kata. Jambo moja hatukuwauliza: kamera hii ina bima? Ninyi wenyewe mna bima? Kosa hilo ni letu pia, na twaliandika hapa ili lisirudiwe.

SINEMA NI KAZI

Kuna watu watakaosema: Chama kina mambo makubwa ya kuzungumza, mbolea, maji, barabara, mambo ya sinema yanatuhusu nini? Sinema ni mchezo wa watu wa mjini.

Wanaosema hivyo wamesahau historia yao wenyewe. Mwaka 1952 ilitengenezwa nchini sinema iitwayo “Muhogo Mchungu”, na mwigizaji wake mkuu alikuwa kijana mmoja jina lake Rashidi Kawawa. Baadaye kijana yuleyule alikuwa katibu mkuu wa TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi lililoundwa mwaka 1955, na Januari 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Mtu aliyesimama mbele ya kamera ndiye aliyesimama mbele ya waajiri akidai haki ya mfanyakazi. Basi ni aibu gani leo kusema kwamba anayesimama mbele ya kamera naye ni mfanyakazi, na kwamba ana haki zake?

Wakoloni walijua nguvu ya sinema kabla yetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937 walifanya majaribio yao Vugiri, huko Tanga, wakitengeneza picha za kuwafundisha Waafrika namna ya kulima na kuishi. Fedha walitoa wao, hadithi walichagua wao. Baada ya Uhuru tuliunda kampuni yetu, Tanzania Film Company, mwaka 1968. Kampuni hiyo haipo tena, na leo kazi ya sinema imo mikononi mwa vijana wenyewe. Wako Sinza na Kinondoni, wako Mwanza na Arusha, na sasa wako hapa Ifakara. Hawana studio wala tajiri nyuma yao. Wana kamera ya kukodi, simu, na moyo.

Tena bonde letu linawavuta. Wapi pengine utapata, katika safari ya siku moja, maporomoko ya Sanje katika milima ya Udzungwa, mashamba ya mpunga yasiyo na mwisho, reli ya TAZARA, mashamba ya miwa ya Kidatu, na tambarare lenye sheshe na viboko? Sasa kwa kuwa lami imefika kutoka Kidatu mpaka Ifakara, watu wa sinema kutoka Dar es Salaam watazidi kuja. Watakodi magari yetu, mitumbwi yetu, nyumba zetu, na nguvu za vijana wetu. Hilo ni jema. Lakini mtumbwi ukipinduka, hasara itamwangukia nani? Tukikaa kimya, itamwangukia mwenye mtumbwi na kijana aliyeajiriwa kwa siku moja. Daima mzigo huteremka mpaka umfikie mnyonge, na hapo ndipo hutua.

BIMA NI NINI?

Wengi wetu tukisikia neno bima twafikiria karatasi ya kuonesha trafiki barabarani. Wengine huona ni ujanja wa kuchukua fedha za watu. Na tuseme kweli, zipo sababu za dhana hiyo. Lakini jambo lenyewe si geni kwetu. Mzee akifiwa Ifakara, mazishi hayasubiri utajiri wake. Kila nyumba ya mtaa inatoa kidogo, unga, kuni, fedha, na msiba unapita bila mfiwa kuuza shamba. Kesho msiba ukiwa kwa mwingine, naye anatolewa. Hiyo ni bima. Tofauti ni moja tu: mchango wa msibani hutolewa baada ya jambo kutokea, kwa kadiri ya huruma ya watu, bima hutolewa kabla, kwa kadiri iliyoandikwa, na anayepatwa haendi kuomba. Anakwenda kudai.

Tofauti hiyo si ndogo. Wananchi wanakumbuka habari za mwigizaji Sajuki, aliyefariki Januari 2013 baada ya maradhi ya muda mrefu. Watu walimpenda wakamchangia apelekwe India kutibiwa. Tunawasifu waliotoa. Lakini je, yule asiye na jina, anayebeba taa, anayeshona mavazi, anayepika chakula cha waigizaji, nani atamchangia? Huruma huenda kwa anayejulikana. Haki haiulizi jina.

Taifa letu lilitambua mapema kwamba bima ni silaha ya ujenzi wa nchi. Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa Oktoba 1963. Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, biashara ya bima iliwekwa mikononi mwa umma. Zanzibar nayo ikaunda shirika lake mwaka 1969. Sheria ya mwaka 1996 ilifungua mlango kwa makampuni binafsi, na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 iliunda TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, kuyasimamia yote. Basi nyumba imejengwa. Swali letu ni kwa nini vijana sita wa Kivukoni hawakupata mlango wa kuingilia.

SOMO LA UBAONI

Sisi tulisomea ualimu, na mwalimu hana dawa nyingine ila ubao. Tuweke hesabu, na msomaji ajue kwamba tarakimu hizi ni za mfano tu, si bei ya kampuni yoyote.

Tuseme viko vikundi 30 vya sinema katika Mkoa wa Morogoro na Dar es Salaam, na kila kimoja kina vyombo vya shilingi milioni 5. Tuseme katika mwaka mmoja vikundi viwili vinapata msiba wa kupoteza kila kitu. Hasara ni shilingi milioni 10. Kila kikundi kikitoa shilingi laki 4 mwanzoni mwa mwaka, zinapatikana milioni 12. Milioni 10 zinalipa wawili walioumia, na milioni 2 zinaendesha kazi. Kikundi kimoja peke yake hakiwezi kubeba hasara ya milioni 5, kitakufa. Lakini kila kikundi chaweza kubeba laki 4. Ndiyo maana ya haba na haba, hujaza kibaba. Kikundi kimoja kikienda peke yake kwa kampuni ya bima, kinaonekana ni hatari tupu. Vikundi 30 vikienda pamoja, ni biashara.

Sasa mtengeneza sinema ahitaji bima ya nini? Si moja. Kwanza ni vyombo: kamera, taa, vinasa sauti, na izingatiwe kama ni vya kwake au vya kukodi, kama viko chumbani, njiani au majini. Pili ni watu: anayeumia kazini atibiwe, na anayekufa, watoto wake wasibaki mikono mitupu. Tatu ni dhima kwa mtu wa tatu: taa ikianguka ikaunguza nyumba ya jirani, au gari la kikundi likimgonga mpita njia, nani anamlipa mtu huyo ambaye hakuomba sinema? Nne ni kazi yenyewe: picha zilizokwisha kupigwa zikipotea, au mwigizaji mkuu akiugua katikati ya kazi, nani anagharimia kurudia? Huko nje watengenezaji wakubwa wana na bima ya tano, ya kuwalinda wakishitakiwa kwa kashfa au kwa kutumia kazi ya mtu bila ruhusa. Kwa kikundi kidogo cha Ifakara, tatu za mwanzo ndizo za lazima. Hizo nyingine zingoje.

Katika hizo tatu, zipo ambazo sheria imekwisha kuziweka, ila hazitufikii. Gari au pikipiki haliruhusiwi barabarani bila bima ya kumlinda mtu wa tatu. Lakini wengi hawajui kwamba gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi, likibeba watu na mizigo kwa malipo, laweza kuikosesha haki bima yenyewe. Siku ya ajali ndipo mwenye gari anasomewa masharti. Kadhalika upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi Julai 2015. Mwajiri wa Tanzania Bara anatakiwa kujisajili na kuuchangia, na fedha hizo hazikatwi katika mshahara wa mfanyakazi, anatoa mwajiri. Sheria hiyo ni njema. Lakini mtu wa sinema kutoka mjini anayemwita kijana kwa simu usiku, “Njoo kesho alfajiri, utapata elfu ishirini,” hajajisajili popote, hana mkataba, na jina la kijana halimo katika daftari lolote. Mguu ukivunjika, mwajiri amekwisha kurudi Dar es Salaam, na simu yake haipokelewi. Hapo sheria imelala, na ni sisi wa kuiamsha.

BIMA HAIONDOI UANGALIFU

Lakini ndugu zetu vijana wasidhani kwamba karatasi ya bima ni hirizi. Tarehe 20 Februari 2014, katika jimbo la Georgia huko Marekani, watu wa sinema walipanda juu ya daraja la reli wakaweka kitanda juu ya njia ya treni ili wapige picha. Hawakuwa na ruhusa ya wenye reli. Treni ikaja. Msaidizi wa kamera, Sarah Jones, mwenye umri wa miaka 27, akafa, na wenzake wakajeruhiwa. Mwaka 2015 mwongozaji wa sinema alikiri kosa mahakamani akafungwa. Na watengenezaji walipodai fidia ya hasara yao, kampuni ya bima ilikataa, wakaishia kushitakiana. Hao walikuwa na fedha, mawakili, na hati nene za bima.

Twaisema habari hii kwa sababu sisi nasi tunayo reli. TAZARA inapita Ifakara ikienda Mlimba na mbele, ina madaraja na mahandaki mazuri kwa picha. Kila kijana mwenye kamera anayatamani. Nasi twamwambia: usipande juu ya reli bila barua ya wenye reli mkononi na mtu wao kando yako. Usiingie hifadhi ya Udzungwa bila kibali cha hifadhi. Usipige sinema bila kibali kinachotakiwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Kibali kikikosekana, ajali ikitokea, hata bima uliyoilipia yaweza kugeuka karatasi ya kufungia vitumbua. Na mto wetu waujua: ndio unaokwenda kukutana na Luwegu ukawa Rufiji, si bwawa la kuogelea. Kamera juu ya mtumbwi wakati wa masika bila kamba, bila jaketi la kuokolea, bila mvuvi mzoefu kwenye kasia, hiyo si ushujaa.

WANASEMAJE MAKAMPUNI?

Ili tuwe wa haki, tumesikiliza na upande wa pili. Wakala mmoja wa bima alituambia hivi: “Ndugu, mimi niko tayari kuuza. Lakini kijana anakuja bila risiti ya kamera, bila namba ya chombo, bila mkataba na waigizaji, bila kibali. Nikimwuliza mtapiga wapi, anasema popote. Nimkatie bima ya nini?” Maneno hayo yana ukweli. Bima husimama juu ya ukweli wa pande zote mbili. Anayeficha kwamba atafanya kazi mtoni, kisha anadai kamera iliyozama, amejifunga mwenyewe.

Lakini nasi tuna maneno yetu kwa makampuni. Karatasi tuliyooneshwa ilikuwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo ambazo hata sisi tuliosoma tulizisoma mara tatu. Mkulima wa Mngeta ataelewaje alichonunua? Mtu asiyeelewa anachonunua hanunui, anauziwa. Tena bima waliyotutajia ilikuwa ya mwaka mzima, na kazi ya vijana ni ya siku kumi. Kwa nini asilipie siku kumi? Muuza daladala hulipwa kwa safari, shamba hukodishwa kwa msimu. Je, bima peke yake ndiyo isiyojua kugawanyika?

Na tusiambiwe kwamba haiwezekani. Miaka mingi tuliambiwa mkulima mdogo hawezi kukatiwa bima, maana mvua haina adabu na shamba lake ni dogo. Mwaka 2023 makampuni ya bima yaliungana yakaunda umoja wao wa bima ya kilimo, ili hatari ambayo kampuni moja inaiogopa ibebwe na wengi. Ikiwa mpunga wa Kilombero, ambao mafuriko huufuata hadi mlangoni, waweza kutafutiwa bima, kamera ina shida gani? Kamera hailiwi na kwelea.

TWATAKA NINI?

Wapo watakaotaka tuseme kwa haraka: bima iwe lazima, asiye na bima asipewe kibali. Sisi twasema hapana, si leo. Ukiweka lazima kabla hujaweka bei ya mnyonge, umejenga ukuta. Kampuni kubwa ya mjini itaupita kwa hundi moja, na vijana wa Ifakara watabaki nje wakitazama. Lazima ije baadaye, mlango ukiwa umekwisha kufunguliwa na watu wameanza kupita. Mpaka hapo twataka mambo haya.

Kwanza, watengeneza sinema wajiunge. Si kikundi cha watu sita, bali umoja wa vikundi vya mkoa mzima, na hatimaye wa nchi, wenye daftari la wanachama na la vyombo, ili uende kwa makampuni kununua bima moja kubwa kwa niaba ya wote. Wazee wetu wa Kilimanjaro waliunda KNCU mwaka 1933 kwa sababu mkulima mmoja na gunia lake la kahawa hana sauti mbele ya mnunuzi. Kijana mmoja na kamera yake hana sauti vilevile.

Pili, mikopo ya halmashauri iende pamoja na bima. Sheria imetenga asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa ajili ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hizo ni fedha za umma, jasho la wakulima na wafanyabiashara wa soko. Kikundi kikikopeshwa fedha za kamera, malipo ya bima ya mwaka wa kwanza yawe ndani ya mkopo huo. Ikizama, deni lilipwe na bima, fedha zirudi zikamkopeshe kijana mwingine. Kukopesha bila bima ni kuweka fedha za wananchi ndani ya mtumbwi usio na kasia.

Tatu, mtu yeyote anayeleta kazi ya sinema katika bonde letu aulizwe kwanza kwenye ofisi ya kata: umewaajiri nani, umejisajili katika Mfuko wa Fidia, mkataba wao uko wapi? Sisi hatumfukuzi mgeni. Twamkaribisha. Lakini mgeni mwema haachi majeruhi nyuma yake.

Nne, makampuni yaandike bima fupi kwa kazi fupi, na yaiandike kwa Kiswahili ambacho mama wa yule kijana mwenye mguu aweza kukisoma bila mkalimani. Na TIRA, ambayo ndiyo jicho la wananchi katika jambo hili, iisimamie kazi hiyo.

Tano, jambo la afya lisisahauliwe. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Watu wa sinema, kama wakulima na mama lishe, wasingoje kufuatwa. Waingie wenyewe.

LA KUFANYA MWEZI HUU

Hayo matano yatachukua muda. Lakini yapo ambayo hayangoji mkutano mkuu. Ewe kijana mwenye kamera, andika leo namba za vyombo vyako katika daftari, utunze risiti. Ukikodi chombo, muulize mwenyewe kama kina bima, na kama ipo inahesabu maji, wizi na safari. Kabla ya kutia sahihi karatasi inayosema utalipa yote, mpelekee mwalimu au katibu wa tawi aisome nawe. Unapolipa bima, lipa kwa kampuni au wakala aliyesajiliwa, dai risiti, uhakikishe katika mtambo wa TIRA kwamba bima hiyo ipo kweli. Matapeli nao wana mihuri. Na kila mnapotoka kwenda kazini, mmoja wenu awe na orodha ya majina ya wote waliokwenda, pamoja na aliyepika.

Sisi nasi tumejiwekea kazi yetu. Tumeamua kwamba barua yoyote ya utambulisho tutakayokiandikia kikundi, iwe cha sinema, cha uvuvi au cha bodaboda, tutaanza na swali ambalo hatukuliuliza masika iliyopita. Na kwa vijana wale sita, tawi limeanza mchango wa kumalizia matibabu ya mwenzao na tumekwenda kuzungumza na mwenye kamera ili deni ligawanywe. Amekubali kungoja mavuno. Twamshukuru. Lakini twajua kwamba huo ni mchango wa msibani, umekuja baada ya maji kumwagika. Hatutaki kuishi hivyo daima.

Ndugu wananchi, tulipigania Uhuru ili mtu asiwe mtumwa wa mtu. Lakini kijana anayekimbia mji wake kwa deni la kamera, yuko huru wa namna gani? Anayeogopa kujaribu kazi mpya kwa kuwa ajali moja tu yaweza kumpotezea miaka kumi, yuko huru wa namna gani? Hadithi ya mama anayevushwa usiku bado haijamalizwa. Picha zake zimo ndani ya mto pamoja na kamera. Mwakani, maji yakipungua, twataka vijana wetu warudi Kivukoni waipige upya, wakiwa na jaketi za kuokolea, kibali mfukoni, na bima iliyoandikwa kwa lugha yao. Nasi tutakuwepo ukingoni.

Mmoja hawezi. Wengi wanaweza. Umoja ni nguvu!